Verna Toulouse, Aliyeujaza Mji wa Krismasi Watu Wake

Ijumaa hii, tarehe 12 Desemba, Bi. Verna Toulouse anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Filamu ya Larchwood miaka thelathini na mmoja na miezi mitano. Katika muda huo amewatafuta, amewapanga, amewavisha makoti na kuwanywesha maji waigizaji wa ziada wa filamu sitini na tisa za Krismasi, zote zilizopigwa hapahapa mjini kwetu Kettle Narrows, na karibu zote mwezi wa Julai.

Ofisi imeniomba niandike maneno mia mbili ya kuwekwa kwenye programu ya sherehe na kusomwa mbele yenu, "yenye furaha, Arvo, tafadhali." Mimi ni Arvo Niskanen, mtu wa theluji. Ukiona theluji kwenye filamu zetu, hiyo ni povu na karatasi iliyosagwa, nami ndiye niliyeimwaga. Nimefanya kazi na Verna miaka ishirini na minane. Maneno mia mbili hayatoshi hata kueleza siku moja ya mwanamke huyu, kwa hiyo nimeandika yaliyonijia, na anayetaka kupunguza atanikuta karakana.

Verna alianza kazi kwa hasira. Julai 1994 kampuni ilikuwa inapiga filamu yake ya kwanza, na barabara ya Mtaa wa Front ilifungwa siku tatu bila mwenye nyumba yeyote kuambiwa. Verna alikuwa mpishi wa shule, mwenye miaka thelathini na minne, na gari lake lilikuwa limezingirwa na miti ya plastiki. Alitoka kwenda kumtafuta mkubwa wa hao watu. Kabla hajampata, kijana mmoja mwenye redio ya mkononi alimtupia koti la sufi na kumwambia atembee polepole kutoka kwenye duka la mikate hadi kanisani. Akatembea. Hakufika kanisani.

"Mtoeni yule," mwongozaji alisema kwenye kipaza sauti. "Mtazamaji atajiuliza yule ni nani."

"Ni mtu anayekaa kwenye nyumba ile unayoipiga picha," Verna akajibu bila kipaza sauti, na mtaa mzima ukasikia.

Hakuna aliyeomba radhi. Ila mchana huohuo ikagundulika kwamba watu arobaini waliokuwa waletwe na basi kutoka kusini hawaji, na kwamba mwanamke mwenye koti la sufi anamjua kila mtu mjini kwa sababu amewalisha watoto wao wote. Kwa saa mbili alileta watu sitini na watatu. Walichaguliwa arobaini, na ishirini na watatu wakaambiwa ahsanteni. Nimemsikia mara nyingi akiwataja wale ishirini na watatu kwa majina, bila kusita. Humo mlikuwamo shangazi zake wawili, Waanishinaabe kama yeye, watu wa asili wa nchi hii, kutoka kijijini kwao ng'ambo ya ghuba ya ziwa. Alikuwamo Singasinga mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Bwana Sahota, na familia yake yote. Alikuwamo pia Gilles Lafrenière, mwenye sauti nzito kuliko wote kwenye kwaya ya kanisa, ambaye amekuwa kwenye kiti cha magurudumu tangu ajali ya mgodini. Wale arobaini waliochaguliwa, weupe watupu, walikuwa mji ambao hakuna mtu wa hapa aliyewahi kuuona.

Wapo watakaosema enzi zile ndivyo ilivyokuwa. Sawa. Lakini enzi zile ziliendelea miaka ishirini na minane, na hapo ndipo ninapochoka.

Niwaeleze wageni wetu filamu hizi zinavyokwenda, ingawa nadhani mnajua. Mwanamke wa mjini mwenye kazi nzuri na mchumba mbaya anarudi kijijini kwao Desemba. Anakutana na mwanamume mwenye shati la drafti. Kuna duka la mikate linalotaka kufungwa. Kuna taa za mti mkubwa zinazogoma kuwaka, kisha zinawaka. Wanabusiana, nami namwaga theluji. Mimi sizidharau. Mama yangu alizitazama mpaka wiki aliyofariki, na zilimtuliza kuliko dawa.

Tatizo la Verna halikuwa busu. Alikuwa na swali moja, na amekuwa akiliuliza kwenye kila kikao cha kusoma muswada tangu walipoanza kumruhusu kuingia. Baada ya miaka kadhaa ya mji wa watu wa rangi moja, kituo cha televisheni kilianza kutuma maagizo kwamba pawe na mchanganyiko. Ndipo akazaliwa yule rafiki. Mnamjua. Rafiki wa mhusika mkuu, mweusi au Mhindi au Mfilipino, mcheshi, mwenye ushauri wa bure saa yoyote. Anauza kahawa. Hana jina la pili. Mkesha wa Krismasi anamletea mwenzake funguo za gari, anamsukuma mlangoni, anamwambia "Nenda ukamwambie unampenda!" halafu anatoweka. Hatumwoni tena mpaka arusi.

"Huyu anakwenda wapi?" ndilo lilikuwa swali la Verna. "Krismasi yeye anakula na nani?"

Watayarishaji walicheka miaka ya kwanza. Miaka iliyofuata walitazama saa. Mtayarishaji wetu wa sasa, Brent Hollister, ambaye leo amekaa meza ya mbele na namwomba asiondoke, alimjibu mara moja kwamba watazamaji hawana shida na hilo.

"Umewauliza?" Verna akamwambia.

"Verna, tuna dakika themanini na nne."

"Na mbwa wa muswada huu ana maonyesho matano."

Hilo lilikuwa kweli. Nilihesabu.

Sitaki mfikiri kwamba maagizo ya kituo yalimfurahisha. Yalimkera vibaya kuliko mji mweupe. Siku moja nilikuwa ofisini kwake simu ilipoingia kutoka Toronto, akaiweka sauti ya juu ili nami niteseke. Sauti ya upande wa pili ilitaka umati wa watu thelathini wenye "mmoja wa kiti cha magurudumu, wawili wa asili, wanne au watano mchanganyiko."

"Mchanganyiko wa nini?" Verna akauliza. "Unaagiza saladi?"

Sauti ikaanza kusoma orodha upya.

"Nina familia ya Sahota, wako sita. Wanakuja sita au hawaji. Siwezi kukukatia vipande viwili."

Na yule "mmoja wa kiti cha magurudumu" alipata kisa chake. Mwongozaji alikuwa ameshapata kijana mwenye miguu mizima wa kuketi kwenye kiti, kwa kuwa jukwaa la waimbaji lilikuwa na ngazi, na kijana angeweza kuinuka, kupanda, na kuketi tena. Verna akamleta Gilles. Akaambiwa hakuna muda wa kutengeneza njia ya mbao. Akaenda mwenyewe dukani kwa Sahota, akarudi na mbao, nami na fundi mmoja tukapigilia misumari wakati wa chakula cha mchana huku tukinung'unika kama wazee. Ilichukua dakika arobaini. Gilles akapanda, akaimba, na mwongozaji akafurahi sana, akasema ni wazo zuri alilolipata.

Basi nije kwenye siku ambayo kila mtu mjini ana hadithi yake, na wengi wanaisimulia vibaya. Mimi nilikuwapo, mpira wa kumwagia theluji ukiwa mkononi.

Ilikuwa Julai, miaka mitatu iliyopita. Muswada ulikuwa uleule. Rafiki safari hii aliitwa Joy, muuguzi, akiigizwa na Maricel Dimaculangan, mwigizaji mzuri kutoka jiji la baridi la Winnipeg ambaye wazazi wake walihamia kutoka Ufilipino kabla hajazaliwa. Joy alitoweka ukurasa wa sabini na moja. Kwenye kikao cha kusoma, Verna aliuliza swali lake, na kwa mara ya kwanza mwigizaji mwenyewe akainua kichwa.

"Nami nilitaka kujua," Maricel alisema. "Nimeshatoweka kwenye filamu nne. Ningependa safari hii nijue naelekea wapi."

Waliomba onyesho la dakika moja na nusu nyumbani kwa Joy. Brent akasema atalifikiria, na Brent akilifikiria jambo ujue limekwisha.

Wiki mbili baadaye tukapiga onyesho la kuwasha mti mkubwa pale uwanja wa posta. Joto nyuzi thelathini na mbili. Nilikuwa nimeanza kumwaga theluji alfajiri, na povu likikaa juani zaidi ya saa moja linaanza kuwa supu. Verna alikuwa ameleta watu mia na ishirini, wamevaa makoti, skafu na kofia, wanatiririka jasho, na amewapanga kama wanavyosimama kila mwaka kwenye sherehe ya kweli ya mji wetu. Sahota na wanawe mbele kwa kuwa nyaya za zile taa ni zao. Gilles mbele kwa sababu ya kwaya. Shangazi zake wa ng'ambo ya ghuba mbele kwa kuwa wamezeeka na wanataka kuona.

Mwongozaji akatazama kwenye kioo chake cha kamera. Akamnong'oneza Brent. Brent akaja kwa Verna na karatasi.

"Tusogeze hawa kidogo nyuma," alisema. "Si jambo baya, Verna, usilifanye baya. Ni mpangilio wa rangi za makoti tu. Na magurudumu yanaacha alama kwenye theluji."

Verna aliisoma ile karatasi. Nilimwona akiisoma mara mbili. Kisha akachukua kipaza sauti cha betri.

"Jamani, nisikilizeni. Nimeambiwa niwapange upya. Nitasoma majina. Ukisikia jina lako, utakwenda kusimama nyuma ya lori la theluji, ambako kamera haifiki. Sababu niliyopewa ni rangi za makoti."

Akaanza kusoma. Harpreet Sahota. Jaswinder Sahota. Gilles Lafrenière. Shangazi Bernadette. Shangazi Clara. Luz Abrigo, muuguzi wa kweli wa hospitali yetu. Alisoma majina kumi na tisa, taratibu, kama mwalimu asomaye matokeo, na kadiri alivyoendelea watu walianza kutazamana. Kisha wakaanza kutazama makoti.

Bi. Eunice McPhail, aliyekuwa mkutubi wetu, mwenye miaka sabini na minane, mweupe kama karatasi, alikuwa mbele na jina lake halikusomwa. Alimtazama Harpreet aliyekuwa ubavuni pake. Akajitazama.

"Koti langu ni jekundu," alisema. "Na la Harpreet ni jekundu. Tumeyatoa sanduku moja asubuhi. Brent, unaumwa macho?"

"Bi. McPhail, ni suala la kitaalamu."

"Basi na mimi ninalo la kitaalamu. Naona joto."

Akafungua vifungo, akalivua, akaliweka chini juu ya theluji yangu. Jirani yake akavua. Kisha safu nzima. Sikusikia makelele yoyote, wala hotuba. Zilisikika zipu tu, na makoti yakianguka pwa, pwa, mpaka uwanja wa posta ukawa kama duka la mitumba lililopinduka, na watu mia na ishirini wamesimama na fulana zao wakijipepea kwa kofia za sufi.

Sasa nikiri jambo. Sikusimama upande wa Verna. Nilimkimbilia nikiwa na hasira, povu linayeyuka, kazi ya saa sita inakwenda mferejini.

"Verna, theluji yangu! Si ungengoja tumalize kupiga shoti hii?"

"Arvo," akasema, wala hakupandisha sauti, "nimengoja filamu sitini na mbili."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimesimama pembeni ya kamera, naona nani anarudishwa nyuma, na nilichokuwa nakitazama ni iwapo theluji imeshika.

Brent alimfukuza kazi palepale. Ndiyo, Brent, ulimfukuza, tuliokusikia ni wengi. Ulisema "Umekwisha hapa," na Verna akatoa funguo za ukumbi mfukoni akakuwekea mkononi. Ukasema tena, kwa wote, kwamba kampuni inaweza kuhamia mji mwingine wowote wenye mti na posta. Hapo watu walinywea. Hoteli yetu inaishi kwa Julai. Mkahawa wa Luoma unaishi kwa Julai. Mimi mwenyewe naishi kwa Julai. Niliona watu wawili watatu wakiyatazama makoti yao kama wanaotaka kuyaokota, na sitawalaumu.

Aliyewatuliza alikuwa Maricel. Alitoka kwenye alama yake iliyobandikwa chini, mbele ya kamera, akaenda kusimama nyuma ya lori la theluji, mahali walipoambiwa waende wale kumi na tisa.

"Mimi nitakuwa huku," alisema. "Mkinihitaji kuleta funguo za gari, niiteni."

Watu walicheka, na kicheko kile ndicho kilichookoa siku. Huwezi kupiga onyesho la kuwasha mti bila umati na bila rafiki wa mhusika mkuu, hata kama hana jina la pili. Brent alikaa ndani ya gari lake na simu dakika arobaini. Alipotoka alikuwa na rangi ya povu langu. Akasema watu wasimame walivyokuwa wamesimama. Onyesho la nyumbani kwa Joy lingepigwa, dakika moja na nusu, si zaidi. Na kufukuzwa kwa Verna, alisema, kulikuwa "kutoelewana." Verna akanyoosha mkono, akarudishiwa funguo. Nami nikamwaga theluji upya, bila kunung'unika, nadhani kwa mara ya kwanza.

Onyesho lilipigwa nyumbani kwa Luz Abrigo, jikoni kwake, na sahani zake. Hata hapo haikuwa rahisi. Mwongozaji alitaka mama yake Joy asimame mezani aeleze kila chakula ni nini na kina maana gani kwa watu wao.

"Nani anamweleza mtazamaji bata mzinga wa Krismasi?" Verna akauliza.

"Bata mzinga kila mtu anamjua."

"Na hapa mezani kila mtu anajua pancit. Wamezaliwa wanaila. Unataka mama amweleze mwanawe tambi?"

Yakaondolewa maelezo. Wakabaki mama na shangazi wa Joy wakigombana ni nani amekamulia ndimu nyingi, Joy akiingia na buti zake na njaa yake, na wote wakimpigia kelele afunge mlango. Ilikuwa dakika moja na nusu bora niliyowahi kuiona ikipigwa na kampuni hii. Mwongozaji alisahau kusema "kata."

Desemba, Jumapili alasiri, mji mzima ulijazana ukumbini kuitazama. Ukurasa wa sabini na moja ukafika. Joy akatoa funguo. Joy akaondoka. Na kweli, mlango ukafunguka, jiko la Luz likatokea, sahani ikapita mkono hadi mkono, kicheko, na tayari tumerudi kwa mwanamume wa shati la drafti.

"Sahani yangu!" Luz alipaza sauti. "Mmeiona sahani yangu?"

Watu walipiga makofi. Verna aliinuka akatoka nje. Nilimfuata nikidhani analia. Alikuwa amesimama kando ya gari lake, theluji ya kweli inamwangukia mabegani, na hakuwa analia hata kidogo.

"Sekunde kumi na moja," aliniambia. "Wamekata wakaacha sekunde kumi na moja, Arvo. Shangazi Clara alisimama uwanjani na koti la sufi kwenye joto lile ili tupate sekunde kumi na moja."

Nikamwambia angalau zipo. Alinitazama kwa namna ambayo sitaielezea kwenye programu ya sherehe.

Lakini zile sekunde zilifanya kazi ambayo hakuna kati yetu aliyeitegemea. Watazamaji walianza kukiandikia kituo. Joy ana mama? Yule shangazi anayecheka ni nani? Mbona hamkukaa pale? Barua na ujumbe zikapita elfu nne. Brent alikuja ofisini na tabasamu kana kwamba ni yeye aliyemzaa Joy, akatangaza kwamba kituo kinafikiria filamu nzima ya Joy.

Kilifikiria zaidi ya miaka miwili. Katika muda huo kilituletea kwanza mtaalamu kutoka Toronto, mwanamke mpole kabisa, atufundishe saa mbili juu ya umuhimu wa kuwajumuisha watu wote. Verna aliketi mstari wa pili, akasikiliza mwanzo hadi mwisho, akajaza fomu ya mahudhurio. Mtaalamu alimuuliza kama amejifunza kitu.

"Ndiyo," Verna alisema. "Nimejifunza kwamba kuna mtu analipwa kwa hili."

Yule mwanamke alicheka mpaka akavua miwani. Walikwenda kunywa chai pamoja, na kusema haki, barua aliyoiandikia kituo baadaye ndiyo iliyowasukuma.

Filamu ya Joy ilipigwa Julai iliyopita. Ndiyo filamu ya sitini na tisa, na ya mwisho ya Verna. Mwongozaji mpya alikuja na wazo kwamba Joy awe na huzuni, asimame dirishani akitazama theluji, akumbuke nyumbani Ufilipino huku machozi yakimtoka.

"Nyumbani ni Winnipeg," Maricel alimwambia. "Nani duniani anaililia Winnipeg?"

Na Verna, aliyekuwa akipita na sanduku la skafu, akaongezea, "Yule wa shati la drafti mbona halii hata mara moja? Naye babu zake walikuja na meli."

Huzuni ikafutwa. Joy anarudi kwao Desemba. Ana kazi nzuri na mchumba mbaya. Kuna kifurushi kimepotea posta, kuna mwanamume mwenye shati la drafti, anayeitwa Sahota safari hii, kuna taa zinazogoma kuwaka. Meza ya chakula ina watu kumi na saba na hakuna anayeeleza kitu. Wanabusiana, nami nikamwaga theluji. Tulipomaliza shoti ya mwisho Verna alikuwa ameketi kwenye ngazi za posta, kavua viatu, anacheka peke yake.

"Upuuzi mtupu," alisema. "Umeona, Arvo? Hakuna aliyefundishwa lolote. Ni upuuzi mtupu kama zote."

Nilimwona akifuta macho kwa skafu ya kampuni. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akipigania haki ya watu wake kuwa kwenye filamu ya kipuuzi yenye mwisho mzuri, na akaipata mara moja.

Hapa ndipo ofisi ingependa niandike "tunakutakia maisha mema" niketi. Nitaketi, lakini bado.

Mnajua nani hajaketi mezani? Verna aliandika hadithi yake mwenyewe, kurasa sita, juu ya dada wawili Waanishinaabe wasiosemeshana kwa sababu ya mbwa, na barabara ya barafu, ile inayopita juu ya ziwa lililoganda, inayofungwa mkesha wa Krismasi ikawafungia nyumba moja. Niliisoma nikaangua kicheko mbele ya watu benki. Brent aliisoma naye akamuuliza huzuni iko ukurasa gani.

"Hakuna huzuni," Verna alimjibu. "Kuna mbwa."

Brent akasema ni nzuri mno, ila watazamaji wakiwaona watu wa asili watategemea somo. Kurasa hizo ziko kwenye mtoto wa meza yake, upande wa kulia, tangu miaka minne iliyopita. Filamu sitini na tisa, Brent. Mji umejengwa kando ya ziwa lao, mti tunaouwasha unakatwa msituni kwao, na hakuna familia yao hata moja iliyowahi kufungua zawadi kwenye kioo chetu. Leo utampa Verna saa ya ukutani na shada la maua, na watu watasimama. Ningependa kesho ufungue huo mtoto wa meza.

Nilimwonyesha Verna sehemu hii kabla ya kuipeleka kupigwa chapa. Aliniambia niiondoe, niandike tu kwamba alikuwa mchapakazi. Basi naandika: alikuwa mchapakazi. Hajawahi kuchelewa. Hajawahi kumwacha mtu wa ziada bila maji, na wakati wa joto lile la 2012, watatu walipozimia, ndiye aliyewabeba kivulini kabla vijana wenye redio za mkononi hawajajua la kufanya. Aliwaita wote kwa majina, hata wale wa siku moja. Lile alilotaka niliondoe nimeliacha.

Verna, kwa niaba ya karakana, mavazi, kamera na jikoni, na kwa niaba ya kila mtu mjini humu aliyewahi kuvishwa sweta na wewe, ahsante. Shangazi Clara ameniambia kwamba tangu mwaka ule wa 1994 hujawahi kwenda naye kuchuma yale matunda madogo ya buluu ng'ambo ya ghuba, kwa kuwa yanaiva Julai, na Julai ulikuwa nasi. Amesema ndoo yako anayo, na kwamba Julai ijayo hatakubali sababu yoyote. Nenda kachume. Kaa juani mpaka uchoke, ule nusu ya ndoo njiani, na simu ya ofisi ikiita uiache iite.